Etileni: gazi inayozaa bidoni, sashe na bomba, tena inaivisha makemba

Ingia nyumba yoyote ya Kisangani, iwe Mangobo, Kabondo ao ng'ambo kule Lubunga, utakuta bidoni ya njano ya litri 20 imesimama karibu na mlango. Ilifika na mafuta ya kula ndani, leo iko na maji. Kando yake kuna sashe zilizokunjwa zikingoja kazi nyingine, ndoo, kikombe cha watoto. Kule nje, chini ya udongo, kunapita bomba jeusi la maji. Sehemu kubwa ya vitu hivi ilianza kuwa gazi, na gazi hiyo inaitwa etileni. Gazi hiyo hiyo inatoka sasa hivi ndani ya makemba yanayoiva kwenye kitunga jikoni.

Maswali juu ya plastiki hayakosi mjini. Bidoni iliyowekwa esansi, inaweza kurudi kwa maji? Ni vibaya kuwasha mbabula na sashe? Ile gazi ya Ziwa Kivu, haiwezi kututolea plastiki yetu wenyewe? Majibu yote yanapita kwa etileni, basi tuanze hapo.

Gazi yenyewe iko namna gani

Etileni ni kitu kidogo sana: kaboni mbili na hidrojeni nne. Wanakemia wanaiandika C2H4. Haina rangi. Iko na harufu nyepesi yenye utamu kidogo. Uzito wake unakaribia sana ule wa hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi juu mbio wala haishuki chini, inachanganyika tu na hewa ya mahali. Hatari yake iko hapo. Hewa ikiwa na etileni kuanzia karibu asilimia 3 hadi 36, cheche moja inatosha kuilipua.

Kusafirisha gazi hii ni kazi ngumu. Gazi ya kupikia, ile ya chupa za chuma, ukiikandamiza inakubali kuwa kama maji hata kwenye joto letu la hapa. Etileni ikipita nyuzi 9 za joto haikubali tena, hata uikandamize kwa nguvu gani. Bila kuikandamiza, lazima ishuke hadi karibu nyuzi 104 chini ya sufuri ndipo igeuke kimiminiko. Kwa hiyo inapita kwa bomba, ao kwa meli zenye baridi kali, na viwanda vinavyoitumia vinajengwa kando ya kile kinachoizaa. Hakuna baleinieri itakayopandisha etileni kutoka Kinshasa mpaka hapa. Kinachosafiri ni plastiki iliyokwisha kuwa plastiki: punje ndogo nyeupe, mfano wa mchele mnene, ndani ya mifuko ya kilo 25.

Kwa mwili wa mtu, etileni yenyewe si sumu kali. Kuanzia mwaka 1923, kule Chicago, madaktari waliitumia kulaza wagonjwa mbele ya kuwapasua. Baadaye waliiacha, sababu gazi inayolipuka haifai ndani ya chumba chenye mashine za umeme.

Inatoka wapi

Kiwanda kinachukua moja ya vitu viwili: etane, ambayo inatoka pamoja na gazi ya ardhini, ao nafta, ile sehemu nyepesi ya mafuta ghafi inayofanana na esansi. Inachanganywa na mvuke wa maji, halafu inapitishwa kwa mbio ndani ya mirija ya chuma iliyo katika tanuru lenye joto la nyuzi 800 na kupita. Haikai humo hata sekunde moja. Joto linakata molekuli kubwa kuwa vipande vidogo, kisha yote inapozwa ghafula ili vipande visirudi kushikana ovyo.

Kazi yenye jasho inakuja nyuma: kutenganisha etileni na wenzake waliotoka pamoja nayo. Mtu anayejua namna lotoko inavyotoneshwa ataelewa mara moja. Kila kitu kinachemka kwa joto lake, ukishika joto vizuri kimoja kinapanda na kingine kinabaki. Tofauti ni kwamba hapa kazi inafanyika kwenye baridi kali sana, na mtungi ni mnara mrefu kama jengo la ghorofa nyingi.

Dunia inatengeneza etileni zaidi ya tani milioni 150 kwa mwaka, nayo ni moja ya kemikali za kaboni zinazotengenezwa kwa wingi sana duniani. Kongo haina kiwanda hata kimoja cha namna hii. Kenya hakuna, Uganda hakuna, Tanzania, Rwanda na Burundi pia hakuna. Barani Afrika utavikuta Nigeria, kule Eleme karibu na Port Harcourt, na Afrika ya Kusini, ambako Sasol wa Secunda wanaanzia kwenye makaa ya mawe. Upande wa Ghuba kuna Jubail ya Saudia, Ruwais ya Abu Dhabi na Sohar ya Oman. Nchi yetu inachimba mafuta ghafi kule Muanda, karibu na bahari, tangu miaka ya 1970, na mafuta hayo yanapanda meli yakiwa ghafi. Halafu plastiki inarudi. Inapita Matadi na kupanda mto, ao inapita Mombasa, inavuka Uganda, inaingia Kasindi, Beni, Komanda, na kufuata barabara ya taifa namba 4 mpaka Kisangani. Kila kituo kinaongeza franka juu ya bei ya ndoo.

Na Ziwa Kivu? Ndani yake kuna metane nyingi, inakadiriwa kilomita za ujazo 60 hivi. Rwanda inaitumia tangu mwaka 2016 kwa umeme kupitia mtambo wa KivuWatt. Lakini metane iko na kaboni moja tu, na etileni inataka mbili zilizoshikana. Kuunganisha hizo mbili ni kazi ya gharama. Njia inayojulikana ni kugeuza metane kwanza kuwa metanoli, kisha metanoli kuwa etileni, na inaomba kiwanda kikubwa, umeme usiokatika na fedha nyingi mno. Anayewaambia watu wa Goma na Bukavu kwamba gazi ya ziwa kesho itakuwa bidoni anaruka hatua nyingi. Ile gazi kwanza ni moto na umeme.

Kushikana mikono

Nguvu ya etileni iko kwa namna kaboni zake mbili zinavyoshikana. Fikiri watu wawili walioshikana mikono yote miwili. Wako imara, lakini mmoja wa mikono hiyo unaweza kuachia na kumkamata jirani. Kitu kidogo kikianzisha, wa kwanza anaachia mkono mmoja, anamshika wa pembeni, yule naye anaachia na kumshika wa tatu. Unapata mstari wa maelfu na maelfu ya watu. Mmoja-mmoja wanaitwa monoma, na mstari mzima ni polima. Etileni ikifanya hivyo jina linakuwa polietileni.

Hapa kwetu wazo hili halipaswi kushangaza. Utomvu wa mmea wa mpira, ule uliotesa babu zetu wakati wa Leopold II, nao ni mistari mirefu ya monoma nyingine, iliyofungwa na mmea wenyewe bila tanuru.

Polietileni ilionekana kwa bahati. Tarehe 27 mwezi wa 3 mwaka 1933, kule Northwich, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI walikuwa wanakandamiza etileni pamoja na kemikali nyingine kwa nguvu kubwa mno. Walipofungua mtungi walikuta kitu cheupe kama nta ya mshumaa. Walipojaribu tena, mtambo uliwasumbua, mpaka mwaka 1935 wenzao walipofaulu kuirudia. Ilieleweka baadaye kwamba hewa kidogo, oksijeni, iliyoingia bila kutakwa ndiyo ilianzisha mstari. Viwanda vilianza mwaka 1939, na vita vikachukua yote: ile nta ilizuia umeme vizuri ndani ya nyaya za rada. Mwaka huo huo wa 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya kilimo iliyofanya Yangambi, kilomita mia moja hivi kutoka hapa kwa kushuka mto, ijulikane dunia nzima. Mambo hayo mawili hayana uhusiano, ila inasaidia kukumbuka tarehe.

Aina ile ya kwanza ina mistari yenye matawi-matawi, haipangiki vizuri, kwa hiyo inakuwa laini. Ndiyo sashe. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler alipata njia ya kufunga mistari iliyonyooka bila kukandamiza sana. Mistari iliyonyooka inalala pamoja kama fito ndani ya fungu, na plastiki inakuwa ngumu. Ndiyo bidoni, kasha la bia, bomba la maji. Ziegler alipewa tuzo la Nobel mwaka 1963 pamoja na Mwitalia Giulio Natta.

Tufanye hesabu kidogo. Bidoni tupu yenye uzito wa kilo 1 ilikuwa, mbele ya kufungwa mstari, karibu litri 890 za gazi kwenye joto la Kisangani. Hizo ni bidoni 44 za litri 20 zilizojaa hewa, zimekazwa kuwa ngozi ya bidoni moja.

Watoto wengine wa etileni

Sehemu kubwa ya etileni ya dunia inakwenda kwa polietileni. Inayobaki inaingia katika vitu ambavyo jina halionyeshi ukoo wao. Ukiiunganisha na klori unapata kloridi ya vinili, nayo ikifungwa mstari ni PVC: mabomba ya kijivu, ngozi ya nyaya za umeme, mazulia ya plastiki ya sebule. Ukiiunganisha na benzini na kupita hatua moja zaidi unapata stireni, mama ya yale maboksi meupe mepesi ya kubebea chakula. Ukiitia oksijeni inakuwa oksidi ya etileni, na hiyo ikikutana na maji inatoa glikoli, dawa inayowekwa katika radieta za magari ya nchi za baridi, tena ni mzazi mmoja kati ya wawili wa plastiki ya PET, ile ya chupa za maji na ya nguo za poliesta.

Oksidi ya etileni hiyo inaua vidudu. Siku nyingine ukiwa hospitali, tazama karatasi ya sindano mpya mbele muuguzi hajaipasua: mara nyingi imeandikwa herufi EO karibu na neno la kuonyesha kwamba imetakaswa. Ni gazi hiyo iliyopita ndani ya boksi zima kule kiwandani, maana sindano ya plastiki ingeyeyuka kwenye moto.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Monoma na polima si kitu kimoja kwa afya. Kloridi ya vinili inaleta kansa ya ini. Jambo hilo lilijulikana wazi mwaka 1974 kwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Louisville, Marekani. Oksidi ya etileni pia inaleta kansa kwa anayeivuta kila siku kazini. Lakini mstari ukishafungwa, monoma imekamatwa, na bomba la PVC lililotengenezwa vizuri halifanyi kama gazi iliyolizaa. Polietileni ndiyo tulivu kupita zote. Haina klori, na katika hali yake safi haina karibu kitu kingine ila kaboni na hidrojeni.

Kuzitambua, geuza chombo utazame chini. Ndani ya pembetatu ndogo kuna namba: 1 ni PET, 2 ni polietileni ngumu, 3 ni PVC, 4 ni polietileni laini, 5 ni polipropileni, 6 ni ile ya stireni. Polipropileni, ya mifuko ya mchele na viti vya plastiki, ni ndugu yake anayetoka tanuru moja na etileni. Kama namba imefutika, kata kipande kidogo ukitupe katika ndoo ya maji. Polietileni na polipropileni zinaelea. PVC na PET zinazama.

Bidoni ya maji na bidoni ya esansi

Hili ndilo jambo tungependa wakaaji wachukue kwa uzito. Mwaka 2011 kipindupindu kilitoka Kisangani na kushuka na mto hadi Kinshasa, na tangu pale ugonjwa huo haujasahau njia. Familia inayochota maji mbali inategemea bidoni. Na bidoni yenye shingo nyembamba ni chombo kizuri kuliko ndoo wazi: mikono haiingii, kikombe hakiingii, na dawa ya klori inabaki ndani ikifanya kazi. Klori ya kusafisha maji haidhuru polietileni kwa kadiri tunayoitumia nyumbani.

Shida ni bidoni ilibeba nini mbele. Polietileni na esansi ni watu wa ukoo mmoja, zote ni kaboni na hidrojeni, zote zinatoka kwa mafuta ghafi. Kwa hiyo esansi, mazuti na petroli ya taa haviishii kwa kupaka ngozi ya bidoni. Vinaingia ndani ya plastiki yenyewe, katikati ya ile mistari, kama maji yanavyoingia katika ubao. Unaosha na sabuni, unaosha na majivu, harufu inapotea siku mbili, siku ya tatu inarudi. Sabuni haikufika pale ilipo. Inatoka polepole, na inatokea katika maji ya kunywa. Bidoni iliyowahi kubeba esansi ibaki ya esansi. Hali ni mbaya zaidi kwa ile iliyobeba dawa ya shamba ao ya kuua wadudu: hiyo itobolewe, isiuzwe tena. Wauzaji wa bidoni kuukuu wanajua sana ipi ilibeba nini. Mnunuzi afungue kifuniko, anuse, na kama imepakwa sabuni ya manukato mengi ajiulize kwa nini.

Ile ya mafuta ya kula haina shida. Maji ya moto na sabuni yanatosha. Utelezi wa kijani unaoota ndani unatolewa na mchanga ao vijiwe: tia pamoja na maji ya sabuni, tikisa kwa nguvu, suuza, kisha tia maji yenye klori. Usiache bidoni kwenye jua mwaka mzima, maana jua linakata mistari na plastiki inaanza kupasuka kama udongo mkavu. Mabomba ya maji yanawekwa unga mweusi wa masizi ili yapambane na jua, ndiyo sababu ni meusi, na mstari wa buluu juu yake unaonyesha kwamba ni ya maji.

Sashe jikoni na sashe motoni

Mama wengi wanafunika wali ao maharage na sashe ili mvuke usitoke, na fufu ya moto inafungwa katika sashe. Polietileni laini inayeyuka karibu nyuzi 110, lakini inalegea mbele ya hapo, na mvuke wa sufuria uko na 100. Plastiki safi ya chakula ingekuwa jambo dogo. Lakini sashe nyeusi za soko mara nyingi zimetengenezwa na plastiki iliyokwisha kutumika, imeyeyushwa, imetiwa rangi ili uchafu usionekane, na hakuna anayejua ilikuwa nini zamani. Majani ya mangongo yanafanya kazi hiyo vizuri zaidi na hayana siri. Chikwangi haijawahi kuomba sashe.

Kuwasha mbabula na sashe: polietileni inawaka kama mshumaa, inatona matone ya moto, na ikipata hewa ya kutosha inatoa karibu yale yale ambayo mshumaa unatoa. Katika mbabula iliyojaa makala haipati hewa ya kutosha. Inatoa moshi mweusi na gazi ya kaboni inayolewesha, na yanaingia kifuani mwa anayepuliza, kwa kawaida mama na mtoto aliye mgongoni. PVC ni hatari kupita hapo, sababu zaidi ya nusu ya uzito wake ni klori. Ikiungua inatoa asidi inayochoma macho na koo, pamoja na dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka. Vijana wanaochoma nyaya za umeme ili wapate shaba wanavuta hiyo. Kuchuna ngozi ya waya kwa kisu kunachukua muda mrefu, lakini shaba inatoka safi na haijaungua.

Sashe zilizotupwa

Amri ya serikali namba 17/018 ya tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe, filimu na vifungio vingine vya plastiki nchini Kongo. Rwanda ilikataza mifuko mwaka 2008, Kenya mwezi wa 8 mwaka 2017, Tanzania mwezi wa 6 mwaka 2019. Anayevuka mpaka wa Goma kwenda Gisenyi anajua: sashe inabaki upande huu. Kwetu amri iko, na sashe ziko. Mama wa soko hawezi kulaumiwa peke yake kama hakuna kingine cha bei hiyo cha kufungia chumvi.

Sifa ile ile inayofanya polietileni ifae kwa maji inaifanya isife. Vidudu vya udongo havijui kula mistari mirefu hivyo. Jua linaivunja vipande vidogo, lakini vipande bado ni polietileni. Kule Bukavu chupa na sashe kutoka Ziwa Kivu zinafika kwenye bwawa la Ruzizi na kuziba mitambo, na mji unakosa umeme kwa sababu ya kitu chepesi kinachoelea.

Kwa bahati, inayeyuka na kufinyangwa upya, ndiyo sababu bidoni iliyopasuka iko na bei kwa wanaokusanya. Wengine, Goma na Kinshasa, wanayeyusha sashe pamoja na mchanga na kupata matofali ya kupanga chini. Kazi hiyo ni nzuri kama mambo mawili yanaheshimiwa: PVC isiingie sufuriani kamwe, na moto usipite kiasi hadi plastiki ianze kutoa moshi. Ile ndoo ya maji ya kutenga zinazoelea na zinazozama inafaa sana hapo.

Kuna pia njia ya kupata etileni bila mafuta ya ardhini. Pombe kali ikiondolewa maji kwa joto na unga wa alumina inageuka etileni. Tani moja ya alkoli safi inatoa karibu kilo 600. Brazili wanafanya hivyo na miwa kwa wingi tangu mwaka 2010, katika kiwanda kilichoanza na uwezo wa kutoa tani 200,000 kwa mwaka. Polietileni yake ni sawasawa na ile nyingine, inadumu vile vile, na inaziba bwawa vile vile.

Makemba, ndizi na bashi

Wakati taa za barabara za Ulaya zilikuwa za gazi, miti iliyo karibu na mabomba yanayovuja ilipoteza majani, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1901, kule Saint-Pétersbourg, Mrusi Dimitri Neljubow aliona miche ya mbaazi ikikua imepinda ndani ya maabara, na akagundua mkosaji: etileni iliyo katika gazi ya taa. Mwaka 1934 Mwingereza Richard Gane alithibitisha kwamba matunda yenyewe yanaitoa. Ni homoni, ujumbe ambao mmea unajipelekea: wakati wa kuiva umefika.

Ndizi, makemba, papai, avoka, maembe na nyanya ziko katika kundi linalotii ujumbe huo. Tunda likianza kuiva linatoa etileni, etileni inaliambia liive zaidi, linatoa nyingi zaidi, na jirani zake wanasikia. Kwa ndizi inatosha sehemu moja ya etileni katika sehemu milioni moja za hewa. Chungwa, ndimu na nanasi hazifanyi hivyo: zikishachumwa haziendelei kuiva kwa kweli.

Wazee walitumia jambo hili bila kulijua jina. Wanaotengeneza kasiksi kule Kivu wanazika ndizi katika shimo, wanafunika na majani, wanaingiza moshi. Moshi wa kuni zisizowaka vizuri una etileni ndani yake, na shimo lililofunikwa linazuia ile ya ndizi zenyewe isikimbie. Gunia lililofungwa pamoja na ndizi moja iliyokwisha kuiva linafanya kazi ile ile. Viwanda vikubwa vya matunda vinafanya hivyo kwa gazi ya chupa ndani ya vyumba, baada ya kusafirisha ndizi mbichi kwenye baridi ya nyuzi 13 ao 14 ili zilale njiani.

Mchuuzi wa Kisangani hana baridi. Makemba yake yanatoka kijijini juu ya kinga ao katika mtumbwi, kisha yanangoja baleinieri, kisha yanashuka mto siku nyingi chini ya bashi. Bashi yenyewe ni polietileni. Inazuia mvua, na inazuia pia etileni isitoke. Chini yake kuna joto, kuna mikungu iliyogongwa na kuchubuka, na tunda lililojeruhiwa linatoa etileni nyingi kuliko lililo zima. Mkungu mmoja ulioiva katikati ya mzigo unawaamsha wote, na mwenye mali anafika na makemba laini yasiyofaa hata kwa lituma. Kinachosaidia hakina gharama: kuchagua mbele ya kupakia na kutoa yaliyoanza kuwa njano, kutochanganya makemba na mapapai ao maembe yaliyoiva, kuacha nafasi kati ya mikungu, kufunga bashi juu ya fito ili upepo upite pembeni, na kuifungua wakati mvua imeacha. Kwenye mto kuna upepo wa kutosha wa kuibeba gazi hiyo.

Kuna wanaotaka kinyume, makemba yaive mbio, na wanatumia kabure, yale mawe ya kijivu ya wachomeaji wa vyuma. Kabure ikipata unyevu inatoa asetileni, gazi inayofanana na etileni kiasi cha kudanganya tunda. Ngozi inakuwa njano vizuri, lakini ndani mara nyingi kunabaki kugumu na utamu haujafika. Zaidi ya hapo kabure ya kazi ya chuma haikusafishwa kwa ajili ya chakula, inaweza kubeba arseniki na fosforasi, na asetileni inalipuka kuliko hata etileni. Anayetaka kuuza kesho achukue gunia, aweke humo ndizi mbili zilizoiva, alifunge jioni. Siku mbili tatu zitatosha, na atakuwa ametumia gazi iliyo safi kuliko ile ya kabure.